Shilingi ya Mwanafunzi Hulala Wapi?

Maswali ya wasomaji

Katika kifurushi cha barua za mwezi huu zimo nne zinazouliza jambo lilelile kutoka pembe tofauti: chuo kidogo kinaipa nini wilaya inayokizunguka? Tumeamua kuzijibu pamoja. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu hesabu yake ndiyo msingi wa majibu yote yanayofuata.

SWALI: Ndugu Mhariri, wilayani kwetu kunajengwa chuo cha ufundi kitakachochukua wanafunzi wapatao 600. Katika mkutano wa hadhara diwani wetu alisema chuo hicho kitatuingizia karibu shilingi bilioni 2 kila mwaka, na watu wakapiga makofi. Mimi nina duka la rejareja, nimezoea kupiga hesabu, nikamuuliza kiasi hicho amekipata wapi. Akanijibu kwamba mwanafunzi mmoja hutumia shilingi 250,000 kwa mwezi, basi nizidishe mwenyewe. Nimezidisha na jibu ni kweli linakaribia hapo, lakini moyo wangu haujatulia. Je, hesabu ya namna hii ni sahihi? Na chuo kidogo kiasi hicho kinaweza kweli kubadili uchumi wa wilaya? (Msomaji, Mkoa wa Tabora)

JIBU: Diwani wako hakukosea kuzidisha. Wanafunzi 600 wakitumia shilingi 250,000 kila mmoja kwa miezi 12 wanafikisha bilioni 1.8. Kosa lake ni kuichukua pesa inayopita mkononi mwa mwanafunzi akaiita mapato ya wilaya, kama mtu anayehesabu magari yanayopita barabara kuu kisha akasema hayo ndiyo magari ya kijiji chake. Tuirudie hesabu hiyo taratibu, tukitumia tarakimu zake mwenyewe kwa mfano tu, maana kila chuo kina zake.

La kwanza ni kalenda. Mwanafunzi hakai chuoni miezi 12, kwani ana likizo na mara nyingi ana mafunzo kwa vitendo ambayo humpeleka kiwandani au ofisini mkoa mwingine. Tukichukua miezi 9, bilioni 1.8 inashuka hadi bilioni 1.35. La pili ni asili ya wanafunzi wenyewe. Kijana aliyezaliwa wilayani hapo angekula, angevaa na angepanda bodaboda hata kama chuo kisingejengwa, kwa hiyo matumizi yake si pesa mpya. Tuseme wenyeji ni 150 kati ya hao 600, wanabaki 450, na pesa inayoingia kutoka nje inakuwa shilingi 1,012,500,000. Hapa wataalamu hubishana, na ubishi wao una maana: iwapo kijana huyo mwenyeji angelazimika kwenda kusoma Dar es Salaam au Mwanza, wazazi wake wangetuma pesa huko kila mwezi, na chuo cha jirani kimeizuia pesa hiyo isitoke. Mimi huwahesabu nusu nusu wenyeji wa aina hiyo, lakini kwa leo tuwaache nje ili tusijipendelee.

La tatu ndilo zito, nalo ni safari ya shilingi baada ya kutoka mfukoni mwa mwanafunzi. Mwanafunzi anaponunua sahani ya chipsi mayai karibu na lango la chuo, viazi vimetoka Njombe au Mbeya, mafuta ya kupikia yametoka kiwandani mbali, na tomato sosi vilevile. Vinavyobaki wilayani ni mayai, kama yametoka kwa mfugaji wa hapo, mkaa, na ujira wa kijana anayekaanga. Mwanafunzi huyohuyo akila wali na maharage kwa mama lishe, na mchele ukawa wa Nzega au Igunga, sehemu kubwa zaidi ya shilingi yake imebaki mkoani mwenu, kwa mkulima, kwa mwenye mashine ya kukoboa na kwa mwenye guta aliyebeba gunia. Bei ya sahani hizo mbili inaweza kuwa ileile kabisa. Pesa ya bando la intaneti, kwa upande wake, hupita juu ya paa la wilaya bila kugusa ardhi, ukiondoa kamisheni ya wakala.

Wanauchumi huita mzunguko huo kizidisho. Wazo hilo liliwekwa katika hesabu na Mwingereza Richard Kahn mwaka 1931, alipotaka kujua ajira moja inayotolewa na serikali huzaa ajira ngapi nyingine, kisha mwanauchumi mwenzake John Maynard Keynes akalipa umaarufu mwaka 1936. Ilipofika mwaka 1971, Wamarekani wawili, John Caffrey na Herbert Isaacs, walitoa mwongozo wa kupima mchango wa chuo katika uchumi wa mji wake, na vyuo vingi duniani vinavyojisifu kwa tarakimu hadi leo hufuata nyayo hizo, ingawa si vyote vinavyofuata tahadhari zake.

Kanuni yenyewe si ngumu. Tuseme katika kila shilingi inayopokelewa wilayani, senti 20 tu ndizo zinazotumika tena humohumo, na 80 zinapanda basi kwenda kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo. Ile bilioni 1.01 itazunguka hadi kufikia mauzo ya takriban shilingi milioni 1,266 (gawanya 1,012.5 kwa 0.80, ile sehemu inayotoka) kisha itakwisha nguvu. Sasa tuseme zinazotumika tena humo wilayani ni senti 40. Pesa ileile ya wanafunzi walewale itazaa mauzo ya takriban milioni 1,688 (sasa unagawanya kwa 0.60). Tofauti ni kama milioni 422, na ukitaka kuipata tofauti hiyo kwa njia ya diwani wako, yaani kwa kuongeza vichwa, utahitaji wanafunzi wengine 150 wa kutoka nje, pamoja na mabweni, walimu na vyoo vyao. Ndiyo maana napenda kumuuliza kiongozi yeyote anayesifia chuo kipya: umefanya nini ili mayai, mchele, sare, samani na matofali yatoke hapahapa?

Kuhusu swali lako la pili, chuo kidogo kubadili uchumi, tuuangalie mji ambao wewe msomaji wa Tabora una undugu nao wa zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, pamoja na watu waliotekwa utumwani, ilimalizia safari yake Bagamoyo. Wajerumani waliufanya mji huo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Mwaka 1905 walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, mwaka 1907 ikafika Morogoro na mwaka 1914 ikafika Kigoma, na njia ya wapagazi ikafa. Kwa miongo mingi Bagamoyo ilibaki na uvuvi, minazi, nyumba za mawe zinazobomoka na sifa ya kale.

Mwaka 1981 kilianzishwa hapo Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni wakala wa serikali unaojulikana kama TaSUBa. Miongoni mwa walimu wake walikuwamo wasanii wa vile vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi, ambavyo wakati huo vilikuwa vimevunjwa. Mji ulioishi kwa kupokea mizigo ya watu wengine ukaanza kupokea wanafunzi wa ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi. Kwa idadi ya wanafunzi ni chuo kidogo, hakifiki hata mlangoni mwa vyuo vikuu vya Dar es Salaam au Dodoma, na kama ungekipima kwa sahani za wali pekee ungesema mchango wake ni wa kawaida.

Lakini chuo hicho kilileta vitu viwili ambavyo hesabu ya diwani haina safu ya kuviandikia. Kimoja ni tamasha la sanaa la kila mwaka, lililoanza mwaka 1982, ambalo kwa siku chache huleta mjini vikundi na watazamaji wa ndani na wa nje. Hapa pia lazima tuwe waangalifu. Bagamoyo iko kilomita zipatazo 70 kutoka Dar es Salaam, na barabara ya lami ni upanga wenye makali mawili: mtazamaji anayefika jioni, akatazama ngoma, akala pweza wa kuchoma na kurudi kwake usiku huohuo ameacha bei ya chakula, na anayelala ameacha bei ya chumba, kifungua kinywa, bajaji na pengine kinyago. Tena si kila mgeni unayemwona Bagamoyo ameletwa na chuo, kwa kuwa wapo waliofuata magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868, Boma la Wajerumani au ufukwe tu. Mwenye kuupima mchango wa chuo kwa uaminifu huwahesabu wale ambao wasingekuja bila chuo, na kuwaacha wengine kwenye hesabu za wenyewe.

Kitu cha pili, ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi, ni watu waliokuja kwa ajili ya chuo kisha wakabaki. Mfano unaojulikana ni wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa ala za ilimba na zeze, aliyekuwa miongoni mwa wasanii waliofundisha hapo, na aliyeishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Ukoo wake uliota mizizi mjini humo, ukawa na vikundi vyake vya muziki, na mwaka 2024 wanawake wawili wa ukoo huo walitoa albamu kupitia kampuni ya kurekodi ya Uingereza. Familia ya wanamuziki wa Kigogo kuwa wakazi wa mji wa pwani, wakilipwa kwa maonyesho ya ng'ambo na kuitumia pesa hiyo Bagamoyo, ni jambo ambalo hakuna mpango wa wilaya ungeweza kuliandika mwaka 1981. Wapo wengine wengi wasio na majina makubwa: waliohitimu wakaanzisha vikundi vya ngoma na sarakasi, wanaochonga na kuwamba ngoma kwa ajili ya kuuza, wanaowafundisha wageni kwa malipo. Pesa ya mwanafunzi hukatika siku anapopanda basi kurudi kwao, lakini mhitimu aliyebaki huingiza pesa kila mwaka, na hahesabiwi tena kwenye ripoti ya chuo kwa sababu si mwanafunzi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, chuo cha wanafunzi 600 kinaweza kubadili uchumi wa wilaya yenu. Ila zile bilioni 1.8 zifute kwenye daftari lako, na kama mwenye duka usisubiri chuo kifunguliwe ndipo uulize wanafunzi wa umeme au ushonaji watahitaji nyenzo gani. Nenda sasa, ukaulize orodha ya vifaa ambavyo kila mwanafunzi atatakiwa kuja navyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina kiwanja hatua chache kutoka chuo cha afya kilichopo kata yetu, na wanangu wananishauri nitumie kiinua mgongo changu kujenga hosteli ya vyumba 8, wakisema wanafunzi hawaishi na kodi ya hosteli haifi. Naomba ushauri kabla sijamwita fundi. (Mstaafu, Mkoa wa Morogoro)

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Wanao wamesema kweli kwamba wanafunzi hawaishi, ila hawakukwambia kwamba hupungua kila mwaka kwa miezi kadhaa. Tufanye hesabu ya mfano. Vyumba 8 kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, vikikaliwa miezi 9, vinaleta shilingi 4,320,000 kwa mwaka, na vikikaliwa miezi 12 vinaleta 5,760,000. Ikiwa ujenzi utakugharimu milioni 48, kwa hesabu ya kwanza utarudisha pesa yako baada ya miaka 11 na zaidi kidogo, na kwa ile ya pili baada ya miaka 8 na miezi 4. Bado hujapaka rangi, hujabadilisha vitasa na hujatoa kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Tofauti hiyo ya karibu miaka mitatu, kwa mtu anayejenga kwa kiinua mgongo, si ndogo.

Jambo la pili la kuuliza ni pesa ya wapangaji wako inatoka wapi. Mwanafunzi wa shahada mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata fedha ya chakula na malazi, ile wanayoiita boom, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku na hutolewa kwa mkupuo, kwa hiyo wenye nyumba na wenye maduka wa maeneo ya vyuo vikuu huijua tarehe yake kama wanavyoijua sikukuu. Wanafunzi wa chuo cha afya cha ngazi ya cheti na stashahada kwa sehemu kubwa hutegemea wazazi. Ni kweli kwamba kuanzia mwaka 2023/24 serikali imeanza kutoa mikopo kwa baadhi ya fani za stashahada, zikiwamo za afya, lakini usijenge kwa kudhani kila mpangaji wako atakuwa nayo. Mzazi mkulima hutuma pesa baada ya mavuno. Ukidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo mwezi Februari, akiba imekwisha na mazao bado yako shambani, utapata maneno mazuri na ahadi. Wenye nyumba wanaoelewana na wapangaji wa aina hii ni wale waliokubali malipo ya miezi mitatu mitatu na kuyapanga kulingana na kalenda ya mihula.

Tatu, kumbuka Machi 2020. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia nchini, vyuo vilifungwa katikati ya mwezi huo na havikufunguliwa hadi tarehe 1 Juni. Wanafunzi waliondoka na mabegi yao ndani ya siku mbili tatu, na mitaa iliyoishi kwa ajili yao, kuanzia wenye vyumba na mama lishe hadi wanaotoa kopi na bodaboda, ikanyamaza. Hakuna utafiti ulioonyesha utegemezi wa mitaa hiyo kwa uwazi kama ile miezi miwili na nusu. Waliopata nafuu ni wale ambao vyumba vyao vilikuwa na sura ya kupangishwa kwa mtu yeyote.

Ushauri wangu basi ni huu: usijenge hosteli yenye vyumba vya mlango mmoja mmoja na choo cha pamoja uani. Jenga nyumba mbili au tatu ndogo za chumba, sebule na choo cha ndani, ambazo wanafunzi wawili wanaweza kuchangia kodi, lakini pia muuguzi aliyeajiriwa karibu au mwalimu mwenye mke na mtoto anaweza kuhamia bila kuona haya. Utapata vichwa vichache na miezi mingi. Tena utakuwa umewasaidia majirani zako wapangaji wasio wanafunzi, ambao kila chuo kinapokuja husukumwa mbali na barabara kwa sababu wanafunzi wanne wanaochangia chumba kimoja wanaweza kulipa kodi ambayo baba wa familia hawezi. Faida ya chuo huwaangukia kwanza wenye ardhi, na gharama yake huwaangukia kwanza wasio nayo; hesabu ya jumla ya wilaya huwachanganya wote kwenye tarakimu moja.

Kabla ya kumwita fundi, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukaulize kama chuo kina mpango wa kujenga mabweni yake. Jibu likiwa ndiyo, pesa yako iache benki.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama 12 tunaolima mboga na kufuga kuku karibu kabisa na uzio wa chuo cha serikali. Kila siku ya Jumatatu tunaliona gari likiingia chuoni na mboga na mayai kutoka mjini, na yetu tunayabeba kichwani kwenda gulioni. Tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tuna bidhaa nzuri lakini hatumo kwenye mfumo. Ni mfumo gani huo, na tunaingiaje? (Kikundi cha wakulima, Mkoa wa Singida)

JIBU: Mfumo mnaoambiwa ni NeST, ambao ndiyo mtandao wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya ule wa zamani wa TANePS. Taasisi ya serikali hairuhusiwi kununua vitu vyake nje ya mfumo huo kwa sababu tu muuzaji ni jirani, na aliyewajibu, ingawa aliwajibu kwa ukavu, hakuwadanganya. Jambo ambalo hakuwaambia ni kwamba sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au wa halmashauri mkiwa na katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao na akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Yeye ndiye atakayewaongoza katika usajili wa kikundi, kupata namba ya mlipakodi na kuingizwa kwenye mfumo kama kundi maalumu.

Lakini kabla ya safari yote hiyo, chunguzeni nani hasa anayenunua zile mboga. Katika vyuo vingi jiko halimo tena mikononi mwa chuo, limepewa mzabuni binafsi, na mzabuni hununua anapotaka kwa pesa yake. Kama ndivyo ilivyo kwenu, mnahitaji kuzungumza na mtu mmoja tu, tena asubuhi, akiwa jikoni. Atawauliza maswali mawili: mnaweza kuleta kiasi gani, na mnaweza kukileta kila wiki bila kukosa, hata mwezi wa Oktoba visima vikiwa vimekauka? Gari la mjini halishindi kwa ubora wa mchicha wake, linashinda kwa sababu halikosi kufika. Akina mama 12 wakilima kila mmoja kwa ratiba yake, wote watavuna wiki moja kisha wiki tatu hakuna kitu. Wakigawana zamu za kupanda, wakawa na pampu ndogo ya pamoja, wanaweza kuahidi na kutimiza.

Kwa ajili ya pampu hiyo, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na siku hizi uhakiki wa vikundi ni mkali zaidi, kwa hiyo daftari lenu la mahesabu liwe safi. Makubaliano ya maandishi na mzabuni, hata ya ukurasa mmoja, yatawasaidia kuliko maelezo marefu kuhusu umaskini.

SWALI: Nimemaliza ushonaji katika chuo cha maendeleo ya wananchi, na nataka kufungua kibanda cha kushona kijijini kwetu. Baba yangu amekasirika. Anasema kama nitabaki kijijini ada aliyolipa imepotea bure, maana wenzangu wote wamekwenda Dar es Salaam. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima? (Msichana wa miaka 21, Mkoa wa Iringa)

JIBU: Mwanangu, mkumbushe baba kwa upole kwamba vyuo hivyo vilianzishwa mwaka 1975, kwa kuiga shule za wananchi za Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, ili mtu wa kijijini apate ujuzi na kurudi nao kijijini. Viko 54 nchi nzima, na mhitimu anayebaki ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo. Sidhani, hata hivyo, kwamba historia itamtuliza baba aliyeuza mahindi ili alipe ada. Kitakachomtuliza ni hesabu.

Chukua mfano wa sare za shule. Mzazi wa kijijini kwenu anayekwenda mjini kununua sare hulipa nauli ya kwenda na kurudi, hula huko, na bei ya sare yenyewe huiacha huko. Ukishona wewe, kitambaa, nyuzi na vifungo bado vitatoka mjini, hilo huwezi kulizuia, lakini nauli inabaki mfukoni mwa mzazi na ujira wa kushona unabaki kijijini, ambako utanunulia unga kwa jirani yako na kumlipa fundi aliyejenga kibanda. Mshonaji aliyekwenda Dar es Salaam anaweza kupata ujira mkubwa kuliko wako kwa mwezi, kisha akatoa kodi ya chumba, nauli za daladala na chakula, na anachotuma nyumbani kikawa kidogo kuliko utakachoweza kumpa baba mkononi. Sisemi itakuwa hivyo kwa hakika, kwa sababu inategemea idadi ya wateja, na kijiji chenye shule moja ya msingi hakiwatoshi washonaji watatu. Tembelea shule zote zilizo karibu kabla ya Novemba, uwaombe walimu wakuu wakueleze rangi na mitindo ya sare zao, na uwaulize ni nani anayezishona sasa.

Halafu mwombe baba muda wa msimu mmoja. Nunua daftari la kaunta, uandike kila sare iliyotoka, bei ya kitambaa chake na ujira wako, bila kuongeza wala kuficha hata zile ulizoharibu. Mwoneshe mwishoni mwa Januari, shule zikishafunguliwa, na umwache asome mwenyewe.